Kisima cha Kiwanja cha Kona

Saa nne asubuhi, msichana mchora ramani alipotaka kufungua mchoro wa kiwanja cha kona, kompyuta ilimkatalia: "Faili hili linatumiwa na Mzee Rula."

Akageuka. Mzee Rula, mchoraji mkongwe wa ofisi ile, alikuwa nyuma yake anachonga penseli. Kompyuta yake ilikuwa imezimwa.

"Mzee, hebu tufungie faili letu."

"Mwanangu, sijaligusa."

Siku ya tatu, faili likiwa bado halifunguki, bosi akaja juu. Mteja alitaka kisima cha kale kifutwe kwenye mchoro ule ili ajenge juu yake.

"Rula, unanikomoa? Faili lisipofunguka leo, kesho usije!"

Mzee alikuwa amebakiza miezi miwili astaafu.

Akaitwa fundi wa mtandao, mama mcheshi waliyemzoea kwa jina la Mama Nyaya.

"Mnamwonea bure mzee wa watu," alisema. "Ujumbe huu ni mwongo. Unataja jina lililoandikwa kwenye mashine, si mtu aliyeikalia. Ngoja tuitafute mashine yenyewe."

Alipoiona kwenye orodha ya mtandao, kicheko kikamkauka.

"Ni kompyuta yako ya zamani, mzee. Ile ya stoo."

"Ile si ilikufa mwaka juzi? Hata waya haina!"

Wakaenda wote wawili. Nje jua lilikuwa linawaka, lakini kadiri walivyoukaribia mlango wa stoo baridi iliwapanda miguuni, na harufu ya udongo mbichi ikawajaa puani, na nyuma ya mlango uliofungwa kwa kufuli wakasikia vibonye vikigongwa, taratibu, ta, ta, ta, kama mtu anayeandika bila haraka kwa sababu ana siku zote za dunia.

Mzee hakujua la kufanya ila adabu. "Hodi," alinong'ona.

"Karibu, Rula," ilijibu sauti. Ilikuwa sauti yake mwenyewe.

Mama Nyaya alifungua kufuli. Kioo cha kompyuta kilikuwa kinang'aa, mchoro umetandazwa juu yake, vibonye vinabonyea bila vidole, na kati ya vibonye maji yakichuruzika.

"Unataka nini?" Mzee aliuliza kwa shida.

"Nyumba yangu msiifute."

"Haifutwi. Naapa kwa wanangu."

Kioo kikazimika. Walirudi mbio, na faili likafunguka kwa mguso mmoja.

Bosi alipoambiwa alicheka mpaka akapangusa machozi. "Watu wazima mnaogopa shimo la maji?"

"Nimeapa, bosi," Mzee Rula alimsihi. "Tafadhali, kiache."

"Uliapa wewe. Mimi sikuapa."

Akavuta kiti mbele ya kompyuta ya msichana, akakifuta kisima kwa mkono wake, akaingia ofisini kwake na kufunga mlango.

Haikupita nusu saa, maji ya matope yakaanza kupenya chini ya mlango ule. Mzee, Mama Nyaya na yule msichana wakabisha, kimya. Wakauvunja.

Kiti kilikuwa kitupu. Dirisha lilikuwa na nondo, nzima zote. Mama Nyaya akamwita bosi mara moja, kisha mara ya pili kwa nguvu zaidi, na ndipo wote watatu wakamsikia akiitika, mbali sana, kutoka chini ya sakafu.