Mlango wa Festus

Festus Mulkerrin aliingia kwa dada yake, akaushikilia mlango wazi kwa muda, kama anayempisha mtu. Nyuma yake palikuwa na mvua tu.

"Funga, kaka, moto utazimika!" Sabina alisema huku akilia kwa furaha.

Jamani, angekosaje kulia? Siku Festus alipoondoka kwenda Amerika tulimwekea matanga mwenyewe akiwa amekaa pale pale, kwa kuwa huku kwetu Konemara anayevuka bahari huliliwa akiwa hai. Kisha vita vitatu vikammeza: vya Meksiko, vya Papa kule Italia, na vya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe. Sabina hakubakiwa na ndugu mwingine duniani.

Lakini ule mlango! Kila akiingia, aliusubirisha. Maziwa yakaanza kunuka baruti. Mbwa akawa anakingurumia kigoda kitupu kando ya moto, Sabina akadhani ni uzee.

Jirani yake, Honor, hakudhani. "Shoga, una hakika huyo ni Festus? Tulishamlilia. Anayerudi baada ya kuliliwa ni jini lililovaa sura yake."

"Niondokee, Honor! Mdomo wako hauna breki."

"Haya. Mpe chumvi, basi. Majini hayali chumvi."

Mchana Sabina akaandaa viazi, na katikati ya meza kisahani cha chumvi. Festus akakisukuma mbali.

"Onja, kaka," alinong'ona.

"Vita vitatu nimelishwa nyama ya chumvi, dada. Sitaki hata kuiona."

Sabina hakusikia ila kule kukataa, na hofu ikampanda, mbwa ananguruma chini ya meza, baruti inanuka mpaka macho yanawasha, na mkono wake, bila yeye kuutuma, ukalichukua koleo la chuma motoni na kumwelekezea yule mtu aliyemngoja nusu ya maisha yake.

"Toka! Kwa jina la Baba na la Mwana, toka nyumbani mwangu!"

"Sabina, ni mimi. Ulinishonea shati la safari kwa uzi mwekundu."

"Jini linajua yote. Toka!"

Machozi yakamtiririka Festus. Akakitazama kigoda, kisha akamtazama dada yake. "Unanifukuza mimi tu?"

"Wewe! Kuna nani mwingine?"

Festus akainuka taratibu, akanyata hadi mlangoni. Mara akachomoka, akaubamiza nyuma yake. Hakumpisha mtu.

Sabina akashusha pumzi. Ya Mungu, yamekwisha. Ila harufu ya baruti haikutoka. Mbwa alikuwa angali anangurumia kigoda.

Akakimbilia dirishani. "Festus! Kaka, rudi!"

Festus alikuwa ameshafika barabarani, anakimbia kwenye mvua kama kijana, bila kugeuka.

Nyuma ya Sabina, kigoda kikasogea karibu na moto.