Nukta Iliyopanda Mto

"Uongo mimi naunusa kabla haujatoka mdomoni," inspekta alimwambia mlinzi wa daraja. Ndiyo maana kituoni walimwita Pua.

Mlinzi alimtazama pua, kisha akatazama ukingo wa mto. Palikuwa na shimo tupu. Nguzo ya chuma ya kupimia kina cha maji, iliyofungwa kileleni mabati matatu yaliyoungana pembe, ilikuwa imeng'olewa.

"Usiku ulisikia nini?"

"Mkoromo."

"Wa nani?"

"Wangu, afande."

Kwenye ofisi ya maji, mhandisi alikaribia kulia. "Setilaiti inaona upana wa mto, kina haioni. Nguzo ndiyo hutuambia upana ule unapitisha maji kiasi gani. Bila nguzo tunabahatisha, na mvua hiyoo inakuja!"

Fundi wake, binti mpole, alileta chai. Pua akamgeukia.

"Nguzo uliiona lini mara ya mwisho?"

"Jana, nikiipaka rangi."

"Nani angeitaka?"

"Labda wauza vyuma chakavu."

Pua akanusa. Harufu ya chai tu. Akashinda akipekua vyuma chakavu jua kali, akaambulia kutu kwenye suruali.

Kesho yake ikaingia picha mpya ya setilaiti.

"Hii ni ya rada, inapenya hata mawingu," mhandisi alieleza. "Yale mabati hurudisha mawimbi yake juu, ndiyo maana darajani huwa kuna nukta nyeupe..." Akaikodolea macho picha.

Darajani hapakuwa na nukta. Ilikuwa inang'aa huko juu mto unakotoka, bondeni, nyuma ya safu ya nyumba ndogo.

Kikombe kiligonga meza. "Ni kwetu," alisema fundi.

Waliikuta imesimama wima kwenye zege jipya, namba zake zinang'aa rangi.

"Mtu mmoja habebi hii," alisema Pua.

"Kaka zangu na mkokoteni. Wao niliwaambia nimetumwa na ofisi."

"Na mabati? Ulijua yataonekana. Mbona hukuyatupa?"

"Ningeyatupa, setilaiti ingetuonaje?" Akaonyesha milima kwa kidole. "Maji ya milimani yanaanza kwetu, afande, ndipo yafike darajani. Mwaka jana tahadhari iliingia kwenye simu nikiwa nimempandisha bibi juu ya kabati, mwenyewe maji kifuani. Nikaomba nguzo ya pili. Nikaambiwa nisubiri."

"Na nani?"

Mhandisi alikuwa anakagua viatu vyake. "Na mimi."

"Binti, unajua wizi wa mali ya serikali una kifungo?"

"Najua. Nifunge mimi. Nguzo iache, mvua ipite."

Dirishani kikongwe alichungulia. "Mjukuu wangu, hao wageni mbona umewasimamisha juani?"

Pua akageuka, akajifuta jicho kama limeingiwa na mdudu. "Mhandisi, wewe ndiye mlalamikaji. Umeibiwa?"

"Mimi? Aa, hapana. Hapa ndipo ilipopaswa kukaa tangu mwanzo."

Sawa, lakini jalada lilikwisha kufunguliwa, na wakubwa wangedai maelezo. Pua akarudi darajani, akaandika harakaharaka juu ya goti: *nguzo ilisombwa na maji, ikakwama bondeni.* Akampa mlinzi atie saini ya ushahidi.

Mlinzi alisoma polepole. Akautazama mto unavyoteremka kutoka bondeni. Kisha akaileta karatasi puani, akavuta pumzi ndefu.

"Afande," alisema, "tangu lini mto huu ukapanda mlima?"