Jina Lililongojewa na Tume

Bawabu wa kiwanda alikutwa amekufa kitini, katika chumba cha mashahidi nyuma ya jukwaa, chai yake haijaguswa. Ukumbini, wafiwa walikuwa wameshakaa. Walingoja jina moja tu: nani aliyeamuru mlango wa kiwanda ufungwe kwa mnyororo siku ya moto?

Jana bawabu huyo aliketi nyuma ya pazia, sauti yake ikibadilishwa kwa mashine asitambulike, akakiri kwamba aliyefunga ni yeye.

"Kwa amri ya nani?" wakili wa Tume ya kuchunguza moto ule akauliza.

Mwenyekiti akatazama saa, akaahirisha kikao hadi leo asubuhi. Ndivyo Tume zinavyoendeshwa, bwana; hata ukweli una saa za kazi.

Inspekta, mama mtu mzima asiye na maneno mengi, aliinamia shingo ya marehemu.

"Kanyongwa, na si muda mrefu," daktari wa polisi alisema. "Si kwa kamba. Ona alama hizi, pete kwa pete. Na hii ni kutu."

Inspekta alikwenda moja kwa moja kwenye meza ya vielelezo, chini ya jukwaa. Kila asubuhi kabla ya kikao, wafiwa waliruhusiwa kupita hapo kutazama vilivyookolewa motoni: viatu, mikasi, na mnyororo wenyewe. Mnyororo ulikuwapo mahali pake. Katika pete zake zilinasa nywele fupi zenye mvi, kama za bawabu.

Akamgeukia askari wa zamu aliyelinda chumba cha mashahidi.

"Ulikuwa wapi wewe?"

"Msalani, afande. Mara moja tu."

"Hiyo mara moja imetuponza."

Lakini shahidi alikuwa wa siri. Nani alimtambua? Inspekta akamwita fundi wa sauti.

"Jana kuna lililokwenda kombo?"

Fundi alikuna kichwa. "Mwenyekiti alipoahirisha, nilizima mashine haraka. Kipaza sauti kilikuwa bado wazi. Shahidi akasema, 'Asante, Mheshimiwa.' Kwa sauti yake halisi."

"Na ukumbi ukasikia."

"Ulisikia, afande. Lakini nani angemjua kwa hayo tu?"

Inspekta alimkumbuka mmoja. Wiki ya kwanza, Baba Mapacha, aliyepoteza mabinti wake wote wawili, aliieleza Tume jinsi alivyousukuma mlango ule kutoka nje. Moshi ulitanda asione sura ya mtu, na sauti kando yake ikamwambia asubiri.

Alimkuta ameketi na mkewe, akamwita pembeni, katika chumba cha mawakili.

"Baba, nionyeshe mikono."

Mzee aliinyoosha bila ubishi. Kutu ilikuwa imejaa kwenye kucha.

"Ni mimi, mwanangu."

"Kwa nini?"

"Ile sauti nalala nayo, naamka nayo. 'Subiri mzee, ufunguo unakuja.' Wanangu wanagonga ndani, mimi nasubiri. Nilimtii! Halafu jana mwenyekiti anamwambia mbele yetu, utakayosema hapa hayatatumika kukushtaki. Akakiri, akaenda zake nyumbani kulala. Nikaona basi, kwake yameisha. Nani mwingine angemwadhibu?"

"Hayakuwa yameisha. Ile ahadi alipewa ili afunguke. Leo ndiyo angemtaja aliyemwamuru."

Mzee alimkodolea macho. "Si kuna wengine wanaojua?"

"Tumewahoji wote. Aliambiwa yeye, peke yake."

"Kwa hiyo sasa..."

Inspekta roho ilimuuma. Miaka yote ya kazi hakuwahi kumfunga mtu pingu huku akitamani kumwomba radhi. Alimfunga, akazifunika kwa koti la mzee mwenyewe.

Njia ya kutokea ilipita ukumbini. Mawakili wa kiwanda walikuwa wameshapata habari. Walinong'onezana, na mmoja wao alishindwa kuficha tabasamu. Wafiwa walikuwa hawajaambiwa kitu.

Mama Mapacha aliinuka kitini, akamshika mumewe mkono juu ya lile koti.

"Baba Mapacha, unakwenda wapi saa hizi? Hebu kaa, shahidi anaitwa sasa hivi. Leo tutamjua."