Nani Alimuua Meya wa Krismasi

Kabla sijaanza, wewe uliyeshika kitabu, nikutegee kimoja. Nimemzaa mtoto mwepesi kama unyoya, na jua halijatua akanidai nimzalie ndugu wa kumbeba. Ni nani huyo? Usiharakishe kunipa mji. Miji niliyopewa na watoto wavivu imenijaa, sina tena pa kuiweka. Kaa nacho, jibu litakukuta njiani.

Basi kulikuwa na msichana wa darasa la sita ambaye watu wote walimwita Kasuku, kwa sababu alisoma kwa sauti kila kilichoandikwa mbele yake: kibao cha duka, karatasi ya dawa, hata maneno ya kwenye gunia la unga. Aliishi na mama yake, fundi cherehani, pamoja na bibi mzaa mama. Kila akirudi kutoka shuleni alivua sare, akaosha vyombo vya mchana, kisha akaketi kando ya kiti cha Bibi. Hapo kazi yake kubwa ikaanza.

Bibi alipenda filamu za Krismasi. Kituo kimoja cha televisheni kilizionyesha kila alasiri, mwaka mzima, theluji ikianguka kwenye kioo huku nje bati zikilia kwa jua. Watu wake walizungumza lugha ya kigeni, na maneno ya Kiswahili yakapita chini ya picha. Zamani Bibi aliyasoma mwenyewe. Siku hizi macho yake yalikuwa na ukungu, na maandishi yale aliyaona kama sisimizi wanaokimbia mvua. "Ni uzee tu," alisema kila alipoulizwa. Kwa hiyo Kasuku alisoma, Bibi akatazama picha.

"Huyu naye karudi kijijini," Bibi alisema alasiri moja. "Wote hutoka mjini na simu sikioni, wakaishia kijijini na unga puani."

"Bibi, filamu hizi zote ni moja."

"Hata nyimbo nilizokubembelezea zilikuwa zile zile, na usingizi ulikuja. Soma."

Kasuku yeye alipenda filamu za upelelezi, zile nyepesi, ambazo muuza maua hukuta maiti nyuma ya duka lake, na kabla chai haijapoa ameshamjua muuaji. Zilionyeshwa kwenye kituo kingine, saa ile ile ya filamu za Bibi. Rimoti ilikaa mapajani mwa Bibi, na mwenye nguvu mpishe.

Katika kioo, kijana mwoka mikate alimwambia yule mwanamke wa mjini, "Nimekuandalia keki. Natumaini utaipenda." Kasuku alikuwa ameyasoma maneno hayo katika filamu nyingi hata ulimi ukachoka. Akasoma, "Nyamaza. Meya ameuawa."

Bibi akakaa wima. "Ameuawa?"

"Ndivyo anavyosema."

"Mbona anacheka?"

Kasuku akafikiri kidogo. "Anajifanya, watu wasimshuku."

"Mnafiki mkubwa," Bibi alisema, akakisogeza kiti chake mbele.

Kuanzia hapo filamu ikanoga. Tatizo lilitokea pale mtu mnene mwenye mkufu kifuani alipopanda jukwaani kuwasha taa za mti.

"Huyo si meya?"

"Ni pacha wake, Bibi."

"Loo. Na nduguye hajapoa, ameshavaa mkufu wake."

Unga wa mwoka mikate ukawa sumu. Mwanamke wa mjini alipomkumbatia kijana kwenye theluji, Bibi aliuliza kulikoni, naye Kasuku akajibu kwamba anampekua mifukoni. Mwishowe watu wote walicheza ngoma kuuzunguka mti, na Kasuku akaishiwa. 

"Basi nani alimuua meya?"

"Itaendelea, Bibi."

Sasa, jirani na nyumba yao palikuwa na saluni ya msusi mmoja mcheshi. Kila jioni Bibi alikwenda kuwasimulia wateja filamu ya siku hiyo, nao walikaa kwa utulivu hata kama nywele zilivutwa. Mlangoni aliketi fundi viatu na sanduku lake. Alisema hana habari na mambo ya saluni, lakini Bibi akianza kusimulia, nyundo yake iligonga polepole isije ikafunika neno.

Jioni ile nyundo haikugonga kabisa.

"Ni mwoka mikate," fundi viatu alisema. "Mtu anayecheka wakati wa msiba simwamini."

"Wewe shona soli," msusi alimjibu. "Ni pacha. Angalia nani kafaidika."

Walibishana hata mteja mmoja akaondoka na kichwa kilichosukwa upande. Kasuku, aliyekuwa amefuatana na Bibi, alisikia raha moyoni. Hakuna aliyewahi kubishania keki.

Msusi akaona biashara. Akaitengeneza televisheni yake iliyokuwa imekufa siku nyingi, na filamu ile iliporudiwa mwisho wa juma, saluni ikajaa. Bibi alipewa kiti cha mbele. Kasuku alikuwa ametumwa na mama yake kupeleka nguo za wateja, kwa hiyo msusi ndiye aliyesoma maandishi. Keki ilikuwa keki. Unga ulikuwa unga. Meya alikuwa mmoja tu, mzima wa afya, akicheza ngoma mpaka mwisho.

Watu walitazamana. Mteja mmoja akacheka, akajizuia.

"Labda uliota, Bibi," msusi alisema kwa upole. "Hata mimi huota."

Bibi alijifunga mtandio wake, akaenda nyumbani bila kuaga, yeye ambaye hakuwa amewahi kuondoka popote bila kuaga.

Msusi alimweleza mama Kasuku jambo lile kwa nia njema. Mama akasimamisha cherehani yake. Wiki hiyo hiyo Bibi alikuwa ametia chumvi katika chai badala ya sukari, na wote walikuwa wamecheka. Sasa mama hakucheka.

"Nitampeleka kwa dada yangu mkubwa," alimwambia Kasuku. "Kule nyumbani kwake hakukosi mtu. Hapa mimi niko kazini, wewe uko shuleni. Akiwasha jiko akasahau, itakuwaje? Kwanza tumwone daktari, kisha asafiri."

Nyumba ya mama mkubwa ilikuwa mbali, safari ya basi ya kutwa nzima. Kasuku angeweza kusema pale pale. Badala yake akaenda kumtafuta Bibi.

Alimkuta Bibi ameketi mbele ya televisheni iliyozimwa.

"Mjukuu wangu, mimi na wewe ndio tuliotazama," Bibi alisema. "Nilisikia vibaya, au akili zimeanza kuniruka?"

"Labda ulisinzia kidogo, Bibi."

Bibi akatikisa kichwa kukubali. Kilichomchoma Kasuku ni hicho, kwamba alikubali. Kisha akamwekea rimoti mkononi. "Tazama wapelelezi wako. Mimi nimechoka."

Kasuku alikuwa ameitamani rimoti ile tangu akiwa mdogo. Aliwasha. Muuza maua alikuwa amewakusanya watu wote sebuleni, akawaambia, "Mwenye kosa yumo humu ndani." Kasuku akazima haraka, kana kwamba ameitwa kwa jina.

Hospitalini walipokewa na daktari mwanamke aliyechomeka kalamu katika nywele. Alimwuliza Bibi leo ni siku gani, mjukuu wake anasoma darasa la ngapi, na asubuhi amekula nini. Bibi alijibu yote, akaongeza kwamba chai ilikuwa nyepesi. Mama akaeleza habari ya filamu.

"Hebu nisimulie na mimi," daktari alisema.

Bibi alisita. Kisha akaanza, na akianza Bibi hapiti njia ya mkato. Alimtaja mwoka mikate na kicheko chake cha kinafiki, pacha na mkufu, sumu kwenye unga, na mikono iliyopekua mifuko kwenye theluji. Muuguzi aliyeleta karatasi alibaki amesimama mlangoni.

"Halafu?" daktari aliuliza.

"Halafu wakasema itaendelea."

Daktari aliweka kalamu mezani. "Mama, mtu aliyechanganyikiwa hasimulii hivi. Hadithi hii ina kichwa na miguu, na kila alichokisikia amekishika. Swali langu ni jingine. Alikisikia kwa nani?"

Mama alimgeukia Kasuku polepole. Bado palikuwa na nafasi ya kusema jambo jingine, na Kasuku aliliona limekaa tayari kwenye ncha ya ulimi: labda ilikuwa redio ya jirani. Halafu akamtazama Bibi, aliyekuwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili kama msafiri anayesubiri basi.

"Ni mimi," Kasuku alisema. "Nilisoma yasiyoandikwa. Bibi hakusinzia. Hakuota. Nilichoka na keki."

Mama alifunika uso. Kasuku alidhani analia, kumbe mabega yalikuwa yakitikisika kwa kicheko na hasira pamoja, vikigombania mlango mmoja. "Pacha," mama alisema. "Mtoto huyu. Pacha."

Bibi hakucheka. "Uliniacha nijione nimepotea," alisema, taratibu tu. Hiyo ilimuuma Kasuku kuliko kofi.

Daktari aliyamulika macho ya Bibi. Akaeleza kwamba ule ukungu unaitwa mtoto wa jicho, nao huondolewa kwa upasuaji mdogo. "Ndiyo sababu ya chumvi kwenye chai. Nawe Bibi, ungesema mapema. Mficha maradhi kifo humuumbua."

"Leo kila mtu anafundishwa," Bibi alinung'unika.

Jioni hiyo Kasuku alisimama katikati ya saluni, akasema kila kitu mbele ya watu wote. Msusi alimwomba Bibi radhi. Fundi viatu alivua kofia yake.

"Kwa hiyo mwoka mikate hana kosa lolote?"

"Hana."

"Nimemchukia mtu wa watu bure. Hata kinyozi anayefanana naye sikumsalimia."

Bibi alikwenda kufanyiwa upasuaji, na safari ya kwa mama mkubwa haikutajwa tena. Siku alipotolewa bandeji alisoma kibao cha duka, karatasi ya dawa na maneno ya kwenye gunia la unga, yote kwa sauti, mpaka mama akauliza nani ni kasuku katika nyumba ile. Alasiri akaketi kitini, akamwita mjukuu wake kando yake.

"Kasuku wa kweli hurudia alichokisikia, haongezi," alimwambia. "Ulitoa uongo mmoja, wa mzaha, mwepesi kama unyoya. Haukuweza kutembea peke yake, ukauzalia pacha. Pacha naye akataka sumu. Wa mwisho, kwamba nilisinzia, nusura unipandishe mimi basi. Ungesema kweli kwenye ule wa kwanza, tungecheka, tukabadilisha kituo."

"Nisamehe, Bibi."

"Nimekusamehe. Sasa wewe soma vitabu vya shule, filamu nitajisomea mwenyewe."

Filamu iliyokuwa ikionyeshwa alasiri hiyo ilikuwa ile ile ya meya, imerudi tena. Msusi alikuwa amekuja kumjulia Bibi hali, na fundi viatu alisimama dirishani na kiatu kimoja mkononi, akisema anapita tu. Katika kioo, meya alianza kucheza ngoma kuuzunguka mti.

"Haya, Bibi," fundi viatu alisema, "sasa unaona kwa macho yako mwenyewe. Sisi tulibishana mpaka tukanuniana. Basi nani alimuua meya?"

Bibi hakuondoa macho kwenye picha. Alimgusa mjukuu wake begani tu.

Kasuku akapunguza sauti ya televisheni.

"Mimi," alisema. "Alikuwa mzima kabisa mpaka nilipofungua mdomo."