Mkono Usiobanwa

"Kunja mkono wa shati."

"Kuna joto gani la kunikunjisha mashati?"

"Fundi, sitanii. Kunja."

Msusi alikuwa amefunga mlango wa saluni, kitana bado mkononi. Fundi cherehani, mpenzi wake, alikaa kwenye kiti cha wateja na glasi ya maji aliyomiminiwa. Msusi alipompenda alijua fundi alikotoka: miaka ya kujidunga madawa, kisha kuacha kwa jasho na machozi. Alimkubali na yake yote, kwa sharti moja tu. Siku akiona alama mpya ya sindano, anaondoka.

Tangu hapo akamkalia kooni na jagi. Alisikia kwamba maji husafisha sumu mwilini, na mwanamke huyu hapendi nusunusu. Fundi hakupewa nafasi ya kupumua bila glasi.

Sasa uso ulikuwa umemvimba, anasinzia kwenye cherehani, na asubuhi hiyo ujumbe ukaingia kwenye simu ya msusi:

"Shoga, juzi nilimwona fundi wako anatoka hospitali, ana plasta mkononi penye mshipa. Fungua macho."

"Juzi uliniaga unakwenda kununua vitambaa," msusi alisema.

"Ndiyo."

"Siku hizi vinauzwa hospitali?"

Fundi akashusha pumzi. Akafungua kifungo, akakunja. Juu kidogo ya kifundo cha mkono wa kushoto palikuwa na plasta mpya. Msusi akakitupa kitana mezani.

"Umerudia."

"Weka kidole hapa."

"Sitaki."

"Kidoti wangu, weka kidole, halafu uniache ukitaka."

Akaweka, pembeni ya plasta. Chini ya ngozi kitu kilitetemeka mfululizo, kama cherehani ya umeme inayoshona chumba cha pili. Akatoa kidole haraka, kisha akakirudisha.

"Nini hiki?"

"Daktari ameunganisha mishipa. Ikikomaa, damu itapita hapa kwenda kusafishwa kwenye mashine. Figo zangu zimechoka, mpenzi. Yale madawa na vile vidonda vya sindano vilizitafuna kimyakimya."

"Mbona karibu na kiganja hivi?"

"Amehangaika mikono yote miwili. Mishipa mingine niliimaliza mwenyewe. Umebaki huu."

"Na ukaninyamazia."

"Ningesemaje? Nimeacha sindano ili nisikupoteze, sasa sindano ndiyo itaniweka hai. Mara tatu kwa wiki, tena nene. Niliogopa."

Msusi akaitazama glasi.

"Na maji?"

Fundi akakohoa.

"Nimewekewa kipimo. Kikombe asubuhi, kikombe jioni."

"Mimi nilikuwa nakupa jagi zima."

"Mawili."

"Na ukanywa?"

"Ulikuwa unanitazama kwa mapenzi, hukupepesa macho. Ningemwaga wapi?"

Msusi akacheka huku machozi yanamtoka. Huyu mtu alikuwa radhi kuvimba kuliko kumkatalia.

"Nilikuwa nakumaliza kwa mikono yangu."

"Kwa upendo, lakini."

"Nyamaza."

Akampokonya glasi, akainywa yote mwenyewe, akavuta stuli akaketi mbele yake.

"Nisikilize. Sindano niliyoikataa ni ile ya kujificha. Hii ya mashine nitakaa pembeni nimekushika mkono. Ila ukinidanganya tena kuhusu vitambaa, tutagombana."

"Sawa, mama. Ila usinishike huu. Huu haubanwi. Saa hapana, bangili hapana, hata kuulalia nimekatazwa."

"Na pete?"

Fundi akamtazama.

"Nani ametaja pete?"

"Mimi. Ningekusubiri wewe ningezeeka. Lete wa kulia."

Akavuta uzi wa kusukia nywele, akauzungusha kwenye kidole cha fundi ili apate kipimo. Fundi alikuwa analia waziwazi, bila kujifuta.

"Ngoja kwanza uvimbe ushuke," alisema, "la sivyo pete itanipwaya baadaye."

Msusi akaufungua uzi taratibu, akauweka mfukoni.

"Basi nitapima kila tukitoka kwenye mashine."