Sikio la Kushoto la Baba

Kila asubuhi baada ya swala, Dagane aliwasha pikapu yake na kumwita binti yake, Filsan. Shule zilikuwa zimefungwa, na wawili hao walipeleka mitungi ya maziwa ya ngamia kutoka mtaa wa Waberi hadi sokoni. Filsan alikuwa na kazi nyingine pia. Sikio la kushoto la baba yake liliharibiwa na ugonjwa zamani, na upande huo wa kushoto ndiko Filsan alikokaa.

"Wewe ndiwe sikio langu," baba alizoea kumwambia, naye Filsan akavimba kichwa.

Mwaka huo wa 1998, mvua za El Nino zilikuwa zimeiacha barabara mashimo matupu. Jumatatu, pikapu ilipotumbukia katika shimo, Filsan alisikia kitu chini ya miguu yake: kwa! kwa! Moyo ukamruka. Jumatano walikuwa waende Wajir kwa bibi yake, Ayeeyo Rukiyo, ambaye angehama na ngamia wake mwisho wa wiki. Gari likipelekwa kwa fundi, safari ndiyo basi tena!

"Filsan, unasikia kitu? Usukani unanivuta kushoto."

"Ni mitungi tu, Aabo. Inagongana."

Baba akasimama, akaifunga mitungi upya. Siku ya pili Filsan alisema yale yale, na baba akakaza kamba mpaka viganja vikamchubuka. Loo! Binti gani huyu, anayemtazama baba yake akitoka jasho kwa kamba isiyo na kosa? Mchana aliacha chakula. Alikaa, akasimama, akatoka kulitazama gurudumu, akarudi ndani.

"Una siafu miguuni?" mama yake, Batula, akamuuliza.

Jumatano waliondoka. Mama alikaa katikati, Filsan dirishani, na mdogo wake Siyad mapajani mwake. Nyuma kulikuwa na nguo tu, hakuna mtungi hata mmoja. Shimo la kwanza: kwa! Siyad akacheka. Filsan akamkumbatia kwa nguvu.

"Aabo, simama! Si mitungi. Haikuwa mitungi tangu Jumatatu. Ni gurudumu la upande wangu. Nilikudanganya."

Dagane akakanyaga breki. Aligeuza gari, akaliendesha polepole hadi kwa fundi Jelle.

Jelle aliinua gurudumu kwa jeki. Akalishika kushoto na kulia, akalitikisa. Kimya. Akalishika juu na chini, akalitikisa tena. Kwa!

"Weka kidole hapa, Filsan."

Filsan akahisi chuma kikicheza. Ilikuwa boljointi, kile kifundo kinacholishika gurudumu. Mpira wake ulikuwa umepasuka, na mchanga umekila chuma.

"Wallahi, Dagane, hii haingefika hata Modogashe, katikati ya njia," alisema Jelle. "Ingechomoka mkiwa mbioni, gurudumu linalala, gari linapinduka."

Mama alimchukua Siyad, akaenda kukaa naye mbali kidogo.

Kipuri kilikuja na basi la Nairobi siku ya Ijumaa. Siku hizo zote baba hakuzungumza sana na Filsan, na jambo hilo lilimuuma kuliko fimbo. Jelle alipokaza nati ya mwisho, ndipo Dagane alipomwita binti yake.

"Sikio lililokufa nimelizoea," alisema. "Haliniambii kitu, nami najua. Lakini sikio linalodanganya linaua. Njia ya mwongo ni fupi, binti yangu. Ukiogopa kukosa safari, niambie unaogopa. Ukweli umetuchelewesha siku mbili tu. Uongo ungetunyang'anya Siyad."

"Nisamehe, Aabo," Filsan akalia.

"Nimekusamehe. Panda gari."

Walipofika Wajir, Ayeeyo alikuwa ameshahama. Waliazima mitungi ya maji, wakaipakia nyuma, wakamfuata malishoni kwa njia ya mawe na mchanga, na Filsan hakunung'unika. Ngamia walipoanza kuonekana mbele yao, gari liliruka na kitu kikagonga.

"Filsan, unasikia nini?"

Filsan alitega sikio kwa makini.

"Mitungi, Aabo. Safari hii ni mitungi."

Dagane akakanyaga mafuta. Hakusimama kukagua.