Bambo na Ungo

Kila alipotoka shule, Pelagia alimpikia bibi yake uji, akachukua ungo wa marehemu mama yake na kwenda kwenye mashine ya kukoboa mpunga karibu na stesheni ya Mpanda. Mama yake, Agatha, alikuwa akipepeta mchele wa wateja kwenye baraza la mashine hiyo, na ujira wake ulikuwa chenga, zile punje zilizokatika. Chenga hizo ndizo zilizomlea Pelagia. Tangu mama azikwe, Pelagia alifagia punje zilizomwagika chini, akazichambua mchanga, wakala yeye na bibi.

Wapepetaji hawakumtaka. Romana, aliyekuwa akikaa jirani na Agatha barazani, alimchukia waziwazi. Akimwona tu huinua ufagio. Wenzake walicheka wakisema panya wa mashine sasa anavaa sare ya shule. Gunia la mtu likipungua, Pelagia hutajwa, hata kama siku hiyo hakufika. Hakuna aliyewaambia kwamba wanamwonea.

Leonidas aliyaona hayo yote. Alikuwa kijana aliyeacha shule, akilala kwenye vibanda vya sokoni, na hakuwahi kumtukana. Mara nyingi alimgawia muhogo wa kuchoma. Siku moja alitoa bambo, kile chuma chenye ncha ambacho wanunuzi huchomeka kwenye gunia ili waone mchele wa ndani.

"Toboa pembeni, mchele utoke pole pole, kisha ufagie kama kawaida yako," alimwambia. "Mwizi wameshakuita, dogo. Utakula jina tu?"

Pelagia alikataa. Lakini kesho yake Romana alimnyang'anya punje alizofagia, akazimwaga mtaroni. Bibi alilala na njaa. Mchana uliofuata Pelagia alilichukua bambo kwa Leonidas.

Alichagua gunia la pembeni, lililosubiri kupepetwa. Chuma kiliingia ndani kuliko alivyotaka, na mchele ukabubujika hadi miguuni kwake. Romana akamkamata shingo.

"Nilisema mimi," alisema, akimtikisa.

Madereva wa bodaboda wakajaa. Wengine walitaka apelekwe polisi, wengine walitaka wammalize hapohapo, na mmoja alikuwa ameshaokota fimbo. Leonidas alikuwa ametoweka.

Mwenye gunia alikuwa Mama Dafrosa, mkulima wa Litapunga. Alipenya katikati ya watu kwa hasira, akainua mkono ampige Pelagia kofi. Ndipo alipouona ungo, ukingo wake umeshonewa kitambaa cha bluu.

"Huu ni ungo wa Agatha," alisema. "Mwenyewe yuko wapi?"

"Tulimzika, mama. Mimi ni mwanaye."

Mama Dafrosa alishusha mkono, akaketi juu ya gunia lilelile lililotobolewa. Agatha ndiye aliyekuwa akimpepetea mchele, naye hakuwa amefika mjini tangu msimu uliopita. Kisha aliuliza nafasi ya Agatha barazani inakaliwa na nani. Watu wakautazama mkeka wa Romana, uliotandazwa kwenye nafasi mbili. Kwa desturi ya baraza lile, nafasi ya marehemu ni ya binti yake, na mpaka akue, kila mpepetaji humtolea chenga kidogo. Romana alinung'unika kwamba mtoto hajui kupepeta.

Pelagia alieleza yote, hata habari za Leonidas. Mama Dafrosa hakumtetea. Alimwambia ameiba, na kwamba ataukusanya mchele ule wote na kuuchambua mchanga. Kisha akawageukia wapepetaji.

"Nyie mlimfukuza kwa ufagio, Leonidas akampokea kwa muhogo. Mlitarajia amfuate nani?"

Aliyeshika fimbo aliitupa chini.

Mama Dafrosa alikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, naye akamleta afisa ustawi wa jamii kuwaona Pelagia na bibi. Leonidas alitafutwa sokoni bila vipigo. Alipewa bambo alirudishe alikolitoa, kisha akaanza kufundishwa kushona midomo ya magunia. Jumamosi Pelagia alifika barazani na ungo wake. Romana aliukunja mkeka wake bila salamu, lakini aliukunja, na chenga zake alitoa.

Mama Dafrosa aliwaletea wapepetaji mchele wa kwanza kupepeta siku hiyo. Kabla ya kuondoka alisimama mbele yao.

"Mtoto akiiba mnaitana upesi," alisema. "Siku nyingine itaneni anapoanza kulala na njaa."